Kobe wa Ukoo wa Kkobe

Juzi pale soko la Owino mteja alilinyanyua koti la kaki kama askari aliyekamata mwizi, akanionyesha bega la kushoto. Limepauka. Akataka nimpunguzie bei. Nikamwambia, kaka, hilo si kosa, hilo ni jua. Bega la kulia lilikuwa upande wa ukuta, la kushoto limetazama barabara, na ukilivaa watu watadhani umesafiri sana. Hakucheka. Nikampunguzia kidogo, kidogo kuliko alivyotarajia, akaondoka nalo. Jirani yangu wa meza ya pili akasema nina maneno ya mama yangu. Nikakaa juu ya robota la mitumba nikijifanya nakunja mashati, lakini akili ilikuwa imekwisha kuvuka mtaro wa Nakivubo, ikapanda kilima, ikateremka nyuma ya hospitali ya Mulago na kuingia kwenye uwanja ambao haupo tena, kumtafuta kobe.

Ndiyo, kobe. Kaa hapa, rafiki yangu, nikusimulie. Hii haina bei.

Tulikaa kwenye chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho Kampala wanakiita muzigo. Mama alikuwa ametoka Bunia na Kiswahili cha kwao, na aliposikia jina hilo mara ya kwanza alisema angalau watu wa huku ni wakweli. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na kazi ilimweka mbali zaidi kuliko ilivyomweka nyumbani. Kiswahili ndicho kilichowafungisha ndoa, maana hakuna hata mmoja aliyejua lugha ya mwenzake. Mimi nikazaliwa humo katikati, sina lugha nyingine ya kugombania.

Vyumba vilikuwa vimepangana kwa safu, milango yote imetazama uwanja wa udongo mwekundu uliofagiwa ukabaki na alama za ufagio kama nywele zilizochanwa. Upande wa juu wa uwanja ilikuwa nyumba ya mwenye nyumba, mama mzee wa Kiganda ambaye wapangaji wote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Jjajja, yaani bibi. Alikuwa mrefu, mkavu, na salamu zake zilikuwa ndefu kuliko yeye. Ukipita na ndoo kichwani ukamwamkia, ujue shingo itauma kabla hajamaliza kukuuliza habari za huko utokako. Kiswahili alikijua kidogo na hakukipenda. Alisema waziwazi kuwa ni lugha ya kukamatia watu. Baba alikuwa akicheka, maana kwa upande wake ilikuwa kweli.

Bado ninazo sauti za asubuhi za pale. Madumu ya maji yakigongana kwenye bomba. Gari la wagonjwa likipanda kwenda hospitali, na mbwa wa mtaa mzima wakiliitikia. Redio ya Jjajja ikisoma matangazo ya vifo, naye akiwasha sigiri ya makaa huku akiitikia kila jina, awe anamjua au hamjui. Halafu harufu: matooke, ndizi zao za kupika, yakianza kuiva ndani ya majani ya mgomba, na kutoka chumbani kwetu, sombe la jana, yaani kisamvu, likipashwa moto. Mama alisema chakula cha Waganda ni kizuri sana, kinahitaji chumvi tu, na pilipili, na mafuta, na kitu kingine cha kula.

Mama aliuza nguo za mitumba Owino. Wakati huo hakuwa na meza. Alikuwa mmoja wa wale wanaotandika turubai chini, kwenye njia, juani kuanzia asubuhi hadi jioni, na ndoto yake yote duniani ilikuwa meza moja chini ya bati. Mikono yake ilikuwa na rangi mbili. Kuanzia mkono wa blauzi unapoishia ilikuwa nyeusi iliyokolea, na akivua blauzi usiku unamwona mtu mwingine, mweupe kidogo, anayekaa juu ya kiwiko.

Lakini nguo zake nzuri hazikuliona jua. Hilo ndilo lililokuwa dini ya nyumba yetu baada ya dini yenyewe. Robota likifunguliwa, tulichambua mimi na yeye, tukiwa tumepiga magoti, pua zimejaa ile harufu ya vidonge vya kuzuia wadudu. Zile mbovu zilipelekwa sokoni kwanza, zikapigwe jua zinavyotaka. Za katikati zilitundikwa kivulini. Zile za daraja la kwanza, zile zinazotoka bado na karatasi ya dukani, zilikunjwa, zikafunikwa shuka, zikaingizwa chini ya kitanda, gizani, zikimsubiri mteja anayezistahili. "Jua inakula bei," mama alikuwa akisema, na aliniambia mara nyingi hivi kwamba nilipokuwa mdogo nilidhani jua lina meno.

Baba akarudi likizo kutoka Karamoja. Alikuwa na sanduku lake la bati, na ndani ya sanduku, juu ya sare zilizokunjwa, alikuwa amekaa kobe. Alimwokota barabarani, malori yakipita huku na huku, naye anavuka taratibu kama mtu anayekwenda kulipa kodi. Baba alisema jua la kule halina aibu, linakupiga hata ukiwa ndani ya nyumba, na huyu mnyama alikuwa amelibeba mgongoni kama vile si kitu. Akaniwekea miguuni. Akasema, huyu ni wako.

Kobe alikuwa vumbi tupu. Mama akachukua mswaki uliochoka na maji ya sabuni, akaanza kumsugua, mwanzoni kwa kuogopa chumba kisichafuke, kisha kwa kutaka kuona zaidi. Chini ya vumbi palikuwa na rangi. Gamba lake lilikuwa limegawanyika vipande vipande kama mawe ya sakafu, na kila kipande kilikuwa na mistari inayotoka katikati kwenda pembeni, nyeusi ya masizi ya sufuria na njano ya siagi. Hakuna kipande kilichofanana na mwenzake. Nimeshika vitambaa vingi tangu siku ile, vya nchi nilizozisoma kwenye lebo tu, na sijaona fundi aliyethubutu kuweka rangi mbili namna ile bila kuharibu.

Mama alimkausha kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama. Mtazamo ule niliujua. Ndio aliokuwa nao koti la sufu likitoka kwenye robota na karatasi yake ya dukani.

Kobe aliendelea kuwa wangu hadi likizo ya baba ilipokwisha. Baada ya hapo mama alinikalisha akanieleza mambo ya dunia. Kampala hii, alisema, ina watu wenye mageti makubwa na majani yaliyokatwa, na watu hao hupenda kitu cha kutembea juu ya majani yao, wageni wakija waonyeshwe. Mtu kama huyo atapatikana, na tukimpata, meza chini ya bati itakuwa imepatikana pia. Kazi yetu ni kuitunza bidhaa yetu isipoteze rangi. Na sisi, katika vitu vyote duniani, kama kulikuwa na kitu kimoja tulichokijua, ni namna ya kutunza rangi.

Kwa hiyo kobe akaingia chini ya kitanda, ndani ya sanduku la mbao, pamoja na makoti ya daraja la kwanza.

Nililala kifudifudi sakafuni nikimlisha dodo, yaani mchicha, na majani ya muhogo. Nilijua kucha zake kwenye mbao, kwaru, kwaru, na ile namna aliyokuwa akikata jani, taratibu, kama mtu asiye na shaka kwamba jani litamsubiri. Sikumwambia mama lolote, lakini mpango wake sikuupenda. Nilikuwa darasa la tatu, na katika chumba kile chote, kitu pekee kilichoitwa changu kwa kinywa cha baba kilikuwa yeye.

Miezi ikaenda. Kwenye viungo vya gamba, pale kipande kinapokutana na kipande, pakaanza kuota kitu kipya, cheupe. Mama alifurahi mwanzoni. Kobe anakua, alisema, na kikubwa kina bei kuliko kidogo. Lakini weupe ule haukuwa njano changa. Ulikuwa weupe wa kidole kilichofungwa plasta siku nyingi, na kila ulivyopanuka, zile rangi za zamani zilionekana kama visiwa ndani ya uji. Mama akampaka mafuta ya nazi. Aling'aa siku moja, akarudi vilevile. Mimi kimoyomoyo nilishangilia. Nilifanya hesabu yangu, nikairudia: akipauka kabisa, mwenye geti hatamtaka, na asipotakiwa atabaki kwetu. Jioni nilipoombewa baraka za usiku nilimwombea kobe azidi kuwa mbaya wa sura.

Kisha akaacha kula. Dodo likanyauka mbele ya pua yake. Nikamshika kwa kingo za gamba nimgeuze, na kingo ikaingia ndani chini ya kidole gumba, kama boksi lililolowa. Nikatoa mkono haraka. Gamba halikupaswa kuwa hivyo. Hata mtoto anajua hilo.

Hapo hesabu yangu yote ikaharibika. Akipona atauzwa, asipopona atakufa, na mama yuko sokoni. Nikatoka mbio uwanjani, na mtu mzima pekee aliyekuwapo alikuwa Jjajja, amekaa kwenye mkeka anamenya matooke. Nikapiga magoti kama tulivyofundishwa, nikafupisha salamu, na nikasema: "Jjajja, kwetu kuna Kobe, anaumwa sana."

Sasa hapa lazima nisimame nikueleze neno, la sivyo utanicheka bure. Waganda wana kitu kinachoitwa kkobe, kwa k nzito ya kukanyagia. Ni aina ya kiazi kikuu kinachozaa angani, kwenye mtambao, kinaning'inia kama jiwe la kahawia lenye mikwaruzo. Na kkobe ni ukoo pia. Watu wa ukoo huo hawakili kiazi hicho, wanakiheshimu kama ndugu, na wenyewe wakikutana popote ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana. Jjajja alikuwa mmoja wao. Kobe wetu wa Kiswahili hakumjua kabisa. Kwao mnyama yule ana jina lingine. Alichosikia ni kwamba ndani ya chumba changu, chini ya bati lake mwenyewe, kuna mtu wa Kkobe mgonjwa, na hakuna aliyemwambia.

Akaacha kisu ndani ya beseni. Hakuniuliza kitu. Akaingia kwake, na mimi nikabaki pale nikidhani amekasirika. Alipotoka alikuwa amevaa gomesi yake, gauni la kwendea watu, ile ya zambarau yenye mabega yaliyosimama, mkanda umefungwa sawasawa, chupa ya chai mkono mmoja, na mkono wa pili kifurushi cha matooke ndani ya jani, bado kinafuka. Akavuka uwanja wote hivyo. Mlangoni kwetu akavua viatu, akapiga magoti, yeye mwenye nyumba kwenye kizingiti cha mpangaji, akaanza kutoa salamu ndani ya chumba kisicho na mtu.

"Mugonjwa iko wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Anarara?" Kwake l na r zilikuwa zinaazimana nafasi.

Nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Jjajja akachungulia. Kobe naye, kwa mara ya kwanza siku ile, akatoa kichwa. Wakatazamana. Nilisikia sauti ya bomba nje, na mtu akimwita mtoto wake. Niliona neno likizunguka usoni pake, kkobe, kobe, hadi lilipopata mahali pa kukaa, na mabega ya gomesi yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mkanda. Halafu akafungua kifurushi, akamega kipande cha matooke, akakipuliza na kukiweka mbele ya kobe. Akasema amekuja kumwona mgonjwa wa kwao, ameshavaa, ameshasalimia, na hawezi kurudi na chakula nyumbani. Mtu ukishamsalimia kwa ukoo, basi.

Mama alipofika jioni na mzigo kichwani alikuta kobe yuko uwanjani, kwenye kipande cha jua la mwisho, na Jjajja amekaa kando yake kwenye mkeka kama anayelinda mtoto wa kwanza.

Mama alishusha mzigo. Alikuwa amejifunza kupiga magoti kwa Waganda, lakini alipiga goti la nusu bei, moja tu, na haraka. Akaeleza kwa heshima zote kwamba yule ni wa kuuzwa, na kwamba jua litamharibu rangi. Yeye anajua habari za rangi, ndiyo kazi yake. Akataja mashati, akataja makoti. Jjajja alimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu kumkatiza mtu kwake ilikuwa dhambi, kisha akachukua ncha ya kanga ya mama, iliyopauka, akaishika pamoja na ukingo wa gamba.

"Nguo imekwisha kutengenezwa, muwala wange," alisema, yaani binti yangu. "Hii bado inajitengeneza."

Mama akafungua mdomo.

"Na wewe unakaa jua siku mzima pale Owino," Jjajja akaendelea. "Rangi yako imekwisha?"

Mama aliitazama mikono yake ya rangi mbili, akamtazama kobe, akasema haya, Jjajja, jaribu, lakini akipona tunaongea tena. Jjajja akasema tutaongea.

Hakujua chochote cha kobe, na hakujidai. Alichojua ni watoto. Alikuwa amelea wengi, wake na wasio wake, na mtoto mwenye miguu laini yeye alimtoa nje kwenye jua la asubuhi kabla halijawa kali, akampaka mafuta, akamgeuza upande huu na upande huu, kisha akamrudisha kivulini. Basi kobe akalelewa hivyo. Asubuhi kwenye jua, mchana chini ya migomba, jioni tena kidogo. Alipewa dodo, maganda ya matooke, na maganda ya mayai yaliyotwangwa, kwa sababu Jjajja alifikiri mwenye nyumba ya mfupa atataka mfupa. Mimi kazi yangu ikawa kumfuata asiingie kwenye mtaro. Polepole, ingawa kwake polepole ndiyo mbio, akaanza kula. Kisha akaanza kuwahi mlangoni kwa Jjajja kabla ya matangazo ya vifo. Kingo za gamba zikakaza. Na kwenye viungo, nje ya ule mstari mweupe, ukaota mstari mwingine, mgumu, wenye madoa meusi na njano yake. Weupe wa chini ya kitanda haukufutika. Ulibaki pale kama alama ya saa kwenye mkono wa mtu, na mpya ukajijenga pembeni yake bila kuusukuma.

Alipendeza, rafiki yangu. Alipendeza hadi nikaanza kuogopa.

Mama hakusahau. Jumapili moja baada ya kanisa akaja na mtu, mwanaume mnene wa sauti nzuri, viatu vyake vinalia, anayetafutia wenye mageti vitu vya kupendezesha bustani. Akachuchumaa, akamgeuza kobe kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mistari. Akasema ni safi. Alipoona ule mstari mweupe alishusha bei, mama akaipandisha, wakaendelea hivyo, nami nimesimama pale nimeshika dumu tupu, nikijua kwamba mama yangu akianza kubishana kwa raha namna ile, mali imekwisha kuondoka.

Jjajja akatoka. Alikuwa na gomesi ya zambarau. Akakaa kwenye mkeka, akamsalimia mgeni salamu yote, kamili, na mgeni, Muganda wa malezi mazuri, akalazimika kuitikia yote akiwa amechuchumaa. Kisha Jjajja akafanya kile wanachofanya Waganda mtu akitambulishwa kwa heshima: akataja ukoo. Lakini ukoo alioutaja ulikuwa wa kobe.

"Huyu ni mujukuu yangu," alisema. "Amezaliwa Karamoja, amelelewa chini ya kitanda ya Mama Mukongo, amepona kwa uwanja wangu. Ni wa Kkobe." Akanyoosha mikono mapajani. "Na wewe, ssebo, ni mwana wa nani?"

Yule bwana alikuwa ameshazoea tangu utoto; ukiulizwa hivyo, mdomo unajibu wenyewe. Akataja baba yake, babu yake, kilima chao, ukoo wake wa tumbili. Alipomaliza akagundua mahali alipofika. Mtu ukishataja babu yako mbele ya bibi wa watu, huwezi tena kumtia mjukuu wake kwenye buti la gari. Akacheka kidogo, jasho likimtoka, akamgeukia mama.

"Nyabo, si ulisema unauza?"

Wapangaji walisimama milangoni na vijiko vyao. Mimi nilimtazama mama, na nilijua anachokiona: si kobe, ni bati. Ni kivuli chake mwenyewe, chini ya bati, kwenye meza, mikono yake ikirudi kuwa rangi moja. Alimtazama kobe kwa muda. Kisha akanitazama mimi na dumu langu.

"Nilisema unaweza kuangalia," alisema. "Umeangalia. Miye siuzi ndugu ya mwenye nyumba. Atatupandishia kodi."

Watu wakaangua kicheko, na wa kwanza alikuwa Jjajja, safari hii kwa sauti. Yule bwana akacheka pia, akanywa chai, akala matooke, akaondoka mikono mitupu na tumbo limejaa. Usiku ule mama alikunja makoti kwa nguvu kuliko kawaida, na mimi nilimsaidia kuyakunja, kwa sababu nilikuwa nimeona ukubwa wa alichokiacha. Hakukitaja tena. Meza ya bati aliipata baadaye sana, kwa koti moja moja, na ndiyo hii ninayouzia.

Baba alipohamishiwa mji mwingine tulimwacha kobe pale, maana kambi tuliyopewa ilikuwa ya saruji tupu, na hata mimi sikubishana. Nilipokua nilikutana na daktari wa mifugo aliyekuja kutafuta koti la mvua. Nilimpunguzia kwa sharti anijibu maswali. Akaniambia Jjajja alikuwa sahihi: bila jua gamba linaota laini na lenye rangi mbovu, na jua linalikaza. Lakini akaniambia pia kwamba miaka ikienda, jua na vumbi na kujikwaruza huichukua njano ileile, na kobe mzee wa nyikani ni wa kijivu kama jiwe la barabarani. Nikacheka peke yangu. Kumbe mama na Jjajja wote wawili walikuwa na haki, ila kila mmoja alikuwa anahesabu muda wake.

Ule uwanja sasa ni maghorofa, marefu, yamekaribiana hivi kwamba mtu wa hapa anaweza kumpasia chumvi mtu wa pale. Nimepita mchana, nimesimama pale palipokuwa na mkeka, nikatafuta jua la kunifikia. Halifiki chini. Bomba halipo, migomba haipo, na hakuna anayemsalimia mwingine kwa kirefu, kwa sababu kwenye ngazi huwezi kusimama, unazuia watu. Jjajja alikufa kabla nyumba haijabomolewa, na watu wa ukoo walipokuja kumchukua kumzika kilimani kwao, walimchukua na kobe.

Tulikwenda mimi na mama kwenye sherehe ya kuhitimisha msiba, huko kilimani. Langoni kijana aliyekuwa akipanga wageni aliniuliza mimi ni wa ukoo gani, akakaa tayari kunielekeza kwenye mkeka unaonihusu. Sina ukoo wa kuutaja kwa Kiganda, mimi ni mtoto wa polisi wa kaskazini na muuza mitumba wa Bunia. Nikasema, wa Kobe. Nilijaribu kuikanyaga ile k, haikukanyagika vizuri. Alinitazama, akasogeza watu, akatupa nafasi.

Baadaye, vyakula vilipokuwa vinafunguliwa kwenye majani, kobe alipita mbele yetu. Alikuwa mkubwa sasa, mzito, anakwenda kwenye jua kali la uwanja ule bila kutafuta kivuli. Njano ilikuwa imekwisha. Nyeusi ilikuwa imefifia. Alikuwa wa kijivu, na mzuri kwa namna ambayo singeweza kumweleza mteja. Mama, ambaye macho yake siku hizi huchagua cha kuona, aliinama akamtazama kwa muda mrefu.

"Si nilisema?" alininong'oneza. "Jua imekula rangi yote."

Nikamwambia ulisema, mama. Nikahesabu waliobaki wa uwanja ule wa nyuma ya Mulago: mama, mimi, na yeye. Nikahesabu tena, kwa mazoea ya kazi, lakini hesabu haikuongezeka.